Watoto wa Kiyahudi waliofichwa, wakapatikana, wakauawa: majina yao yaliyoko barabarani Ulaya

Mleta uzi

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni mrefu na una habari nzito, kwa hiyo mwenye haraka auweke kiporo, aje ausome akitulia.

Ninaishi Uholanzi. Hapa jukwaani naona watu wanaweka picha za yale mawe madogo ya shaba yaliyopachikwa kwenye njia za waenda kwa miguu Berlin, Amsterdam na Roma, wanauliza ni ya nini. Nitaeleza, ila nitakaa upande mmoja tu: watoto wa Kiyahudi waliokuwa wamefichwa wasikamatwe na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, wakapatikana, wakauawa. Hao ndio wanaonikosesha usingizi. Kwa kila mmoja wao kulikuwa na mtu aliyefungua mlango akamwingiza ndani, na mara nyingi kulikuwa na mwingine aliyekwenda kusema. Ukiandika jina na tarehe ya kufa peke yake, habari za watu hao wawili zinapotea, na mimi sioni kama ni sawa zipotee.

Mawe yenyewe kwanza. Aliyeyaanzisha ni msanii wa Kijerumani, Gunter Demnig. La kwanza aliliweka Cologne mwaka 1992. Mwaka 1996 akaweka mengine Kreuzberg, Berlin, bila kibali chochote. Kibali kilikuja baadaye. Mei 2023 jiwe la 100,000 liliwekwa Nuremberg. Kila moja ni kipande cha zege cha sentimita 10 kwa 10, juu yake kuna bamba la shaba, na herufi hugongwa kwa mkono, moja moja, kwa nyundo. Maneno ni machache: hapa aliishi fulani, alizaliwa mwaka fulani, alisafirishwa (yaani alipelekwa kambini kwa nguvu) mwaka fulani, aliuawa mahali fulani. Wajerumani huyaita Stolpersteine, yaani mawe ya kujikwaa.

Utaratibu wake ni kwamba jiwe linawekwa mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliishi kwa hiari yake. Sasa mfikirie mtoto aliyefichwa. Wazazi wake walimtoa nyumbani usiku, akapelekwa kwa watu asiowajua, shambani au kwenye nyumba ya watawa. Akapewa jina jipya na sala mpya, akakatazwa kabisa kumwambia mtu kwao ni wapi. Akikosea jina lake jipya siku moja mbele ya mgeni, nyumba nzima imekwisha. Jiwe linamrudisha mlangoni kwao kwa jina alilopewa na mama yake, na hapo naliunga mkono moyo wote. Lakini ile nyumba ya pili, alikofichwa na alikokamatiwa, mara nyingi mbele yake hakuna kitu. Hapa Uholanzi baadhi ya mawe huongeza mstari kwamba mtu huyo alikuwa amejificha, kisha tarehe ya kukamatwa. Huo mstari mmoja ukiusoma umesimama barabarani, mambo yanabadilika kabisa. Unaanza kuangalia madirisha ya majirani.

Nitaendelea na mfano mmoja hapa chini, msubiri.

Mleta uzi

Izieu ni kijiji kidogo cha mlimani mashariki ya Lyon, Ufaransa. Mwaka 1943 Sabine Zlatin na mumewe Miron walifungua nyumba ya watoto pale. Kwenye karatasi yalikuwa makao ya watoto wakimbizi kutoka Hérault, jina ambalo halikumwonyesha mtu kwamba watoto ni Wayahudi. Eneo hilo lilikuwa chini ya jeshi la Italia, na Waitaliano hawakuwa wakiwasaka Wayahudi kama walivyofanya Wajerumani. Watoto zaidi ya 100 walipita katika nyumba ile. Walikuwa na darasa na mwalimu, walichora, waliandika barua. Barua na michoro ya mmoja wao, Georgy Halpern, mzaliwa wa Vienna, mtoto wa miaka 8, ipo mpaka leo.

Septemba 1943 Italia ikasalimu amri, Wajerumani wakaingia. Tarehe 6 Aprili 1944, siku ya Alhamisi Kuu, saa ya kifungua kinywa, malori yakaingia uani. Gestapo, yaani polisi wa siri wa Wanazi, ya Lyon chini ya Klaus Barbie ilichukua watoto 44 na watu wazima 7. Mmoja wa watu wazima waliokuwamo, Léon Reifman, aliruka dirishani, akajificha, akapona. Siku hiyohiyo telegramu yenye jina la Barbie ikaenda Paris kuripoti kazi imefanyika. Mdogo kuliko wote, Albert Bulka, alikuwa na miaka 4.

Watoto 42 waliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Wavulana wawili wakubwa na Miron Zlatin walipelekwa Estonia, wakapigwa risasi. Kati ya wote waliopakiwa malorini alirudi mtu mmoja tu, mlezi aliyeitwa Léa Feldblum. Huyu mama alikuwa na karatasi bandia zenye jina la Kifaransa, zingeweza kumwokoa. Walipofika kambi ya Drancy, nje ya Paris, akataja jina lake la kweli ili asitenganishwe na watoto. Auschwitz waliwang'oa mikononi mwake.

Ukumbusho wa kwanza haukungoja serikali itulie. Tarehe 7 Aprili 1946, miaka miwili na siku moja tu baada ya tukio, mnara ulizinduliwa kando ya barabara pale Brégnier-Cordon, kijiji cha bondeni chini ya Izieu. Jumba la makumbusho katika nyumba yenyewe lilikuja baadaye sana, likafunguliwa na Rais Mitterrand tarehe 24 Aprili 1994.

Na kuna kingine ambacho mimi nakihesabu kuwa ukumbusho wa barabarani, ingawa hakikudumu. Mwaka 1972 Barbie alikuwa Bolivia, akiishi kwa jina la uongo, hana wasiwasi. Mama mmoja, Ita-Rosa Halaunbrenner, ambaye mabinti zake wawili Mina na Claudine walichukuliwa Izieu, alisafiri mpaka La Paz pamoja na Beate Klarsfeld, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa akiwasaka Wanazi waliojificha. Wakajifunga minyororo kwenye benchi la barabarani, wakiwa na bango la kudai haki, watu wanapita wanasoma. Barbie alipelekwa Ufaransa mwaka 1983, akahukumiwa kifungo cha maisha Lyon mwaka 1987. Mama mwingine, Fortunée Benguigui, alipoteza wana watatu Izieu. Yeye mwenyewe alikuwa mfungwa Auschwitz kabla yao, na humo kambini aliiona sweta ya mwanawe Jacques kwenye rundo la nguo. Ndivyo alivyojua.

Mdau, Mbeya

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, nimebaki nimeduwaa. Swali langu: kwa nini watoto wote hao waliwekwa nyumba moja? Si ingekuwa salama kuwasambaza?

Mleta uzi

Swali zuri ndugu yangu. Mwanzoni nyumba moja ilikuwa na maana: mtoto mdogo asiye na wazazi anahitaji wenzake, shule, chakula, mtu wa kumfunika usiku. Na wakati ule eneo lilikuwa na nafuu. Hali ilipoharibika, kuwasambaza ndiko hasa Sabine Zlatin alikokuwa anakutafuta. Siku malori yalipokuja yeye alikuwa Montpellier, akihangaika kupata mahali pa kuwapeleka. Habari zilimfikia hukohuko.

Na hata kuwasambaza hakukuwa kinga. Chukua Avon, karibu na Fontainebleau. Padri Mkarmeli aliyeitwa Père Jacques alikuwa mkuu wa shule ya bweni, akawaingiza wavulana watatu wa Kiyahudi kati ya wanafunzi wengine kwa majina ya bandia. Walikuwa Hans-Helmut Michel, Jacques-France Halpern na Maurice Schlosser. Hans-Helmut, aliyetoka Ujerumani, darasani aliitwa Jean Bonnet. Tarehe 15 Januari 1944 Gestapo waliingia shuleni, wakawatoa mmoja mmoja madarasani wenzao wakiwatazama. Tarehe 3 Februari walipandishwa garimoshi kutoka Drancy, na tarehe 6 Februari waliuawa walipofika Auschwitz. Padri alipelekwa kambi ya Mauthausen, Austria. Kambi ilikombolewa angali hai, lakini mwili ulikuwa umekwisha, akafariki Linz tarehe 2 Juni 1945. Watatu tu, shule nzima imewafunika, na bado waliwapata.

Mdau, Dodoma

Nani aliwachongea hao wa Izieu? Alikamatwa?

Mleta uzi

Mkulima mmoja wa eneo lile alishukiwa sana baada ya vita, lakini mahakama haikuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyewataja. Kwa hiyo sitamwandika hapa kama msaliti.

Uholanzi mambo yako wazi zaidi, na yanatia aibu. Mwaka 1943 kulikuwa na kikundi Amsterdam kilichoitwa Colonne Henneicke, Waholanzi watupu, kazi yao kuwasaka Wayahudi waliojificha. Malipo yalikuwa gulden 7.50 kwa kichwa, mtoto au mtu mzima. Walikabidhi maelfu ya watu kabla kikundi hakijavunjwa mwaka huohuo. Mtu alikuwa anapigiwa hesabu kama kuku wa mnadani. Jirani akisikia mtoto analia kwenye nyumba isiyo na mtoto, ile ni pesa.

Na katika jiji hilohilo, mtaa wa Plantage Middenlaan, wengine walikuwa wanafanya kinyume chake. Upande mmoja wa barabara kulikuwa na ukumbi wa michezo walikokusanywa Wayahudi wakisubiri kusafirishwa. Ng'ambo yake kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto chini ya Henriëtte Pimentel. Yeye, Walter Süskind, Johan van Hulst wa chuo cha ualimu jirani, na vijana wengi wa harakati za siri, waliwatorosha watoto takribani 600 wakiwa ndani ya mabegi na vikapu, wakingoja tramu ipite katikati ya barabara iwakinge macho ya walinzi. Pimentel mwenyewe aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Katika mtaa huo unaweza kusimama ukaona pande zote mbili bila kugeuza shingo sana.

Mdau, Lamu

Shukrani kaka kwa uzi huu. Lakini mimi nina neno. Kwetu kaburi halikanyagwi, na jina la marehemu haliwekwi chini ya viatu vya watu. Mtoto ameuawa vile, halafu jina lake liko njiani, mbwa anapita juu yake? Mimi moyo unakataa.

Mleta uzi

Kaka yangu wa Lamu, hauko peke yako hata kidogo. Anayepinga kwa nguvu kuliko wote Ujerumani ni Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa Munich, naye anapinga kwa hoja hiyohiyo yako. Zito zaidi ni hili: huyu mama mwenyewe alikuwa mtoto wa kufichwa. Alizaliwa mwaka 1932, akafichwa shambani Franconia na mwanamke Mkatoliki, Kreszentia Hummel, aliyewaacha watu wa kijiji waamini kwamba yule ni binti yake aliyemzaa nje ya ndoa. Alikubali kusemwa vibaya ili mtoto aishi. Mtu kama huyo akisema majina yasikanyagwe, mimi nanyamaza nasikiliza. Baraza la jiji la Munich lilikataa mawe hayo kwenye ardhi ya umma mwaka 2004 na tena 2015, na tangu 2018 wanaweka mabamba ukutani na kwenye nguzo, yakiwa usawa wa macho.

Wanaoyatetea wanasema lazima uinamishe kichwa ili usome, kwa hiyo unamwinamia marehemu upende usipende. Pia shaba inang'arishwa na nyayo. Hiyo ya nyayo hainishawishi. Ile ya kuinama nimeiona kwa macho: mwanamke mzee, mfuko wa mboga mkononi, kasimama, kashika goti, kasoma majina yote manne ya familia moja, ndipo akaendelea. Ukutani huenda asingeyaona.

Lakini barabara ina hatari zake. Desemba 2018 huko Roma, mtaa wa Via Madonna dei Monti, mawe 20 ya familia moja yaling'olewa usiku yakaibwa. Yalitengenezwa mengine.

Mdau, Kigali

Mleta uzi ubarikiwe. Huku kwetu, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi kuna chumba cha watoto. Picha kubwa ya mtoto, chini yake jina, umri, chakula alichopenda, mchezo alioupenda, kisha namna alivyouawa. Watu wanavumilia vyumba vyote, wakifika hapo wanatoka nje. Mimi naona idadi peke yake haimfikishi mtu popote. Weka jina, weka alichopenda.

Mleta uzi

Asante sana ndugu, na poleni. Hilo la alichopenda ndilo mawe ya shaba yanalolikosa, nafasi haitoshi.

Paris wamekwenda njia nyingine. Kuta za shule zaidi ya 300 zina mabamba meusi yenye maandishi ya dhahabu kwa ajili ya wanafunzi waliosafirishwa. Kazi hiyo ilianzia kwa wakazi na wanafunzi wa zamani wa mtaa wa 20 mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokwenda wenyewe kuchambua madaftari ya shule kutafuta majina. Ninachokiheshimu ni kwamba mabamba yanataja wazi serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, kuwa ilishiriki. Hawakuwasukumia Wajerumani lawama yote, kwa sababu polisi waliogonga milango walikuwa Wafaransa. Kutoka Ufaransa walisafirishwa watoto zaidi ya 11,000.

Na wale waliokuwa wadogo mno kuandikishwa shule? Hao wamewekewa mabamba kwenye bustani. Lililoko Square du Temple, mtaa wa 3, lina majina ya watoto 85, na wengine umri wao umeandikwa kwa miezi. Mwisho wa maandishi mpita njia anaombwa asome majina yao, kwa sababu kumbukumbu yake ndilo kaburi lao pekee. Kando yake watoto wa leo wanacheza.

The Hague nako kuna ukumbusho wa watoto ninaoupenda, ulizinduliwa 2006 kwenye uwanja wa Rabbijn Maarsenplein, mahali palipokuwa na shule ya Kiyahudi. Ni viti sita vya chuma vya urefu tofauti, vina vidaraja kama ngazi, na majina ya watoto yamechorwa juu yake. Watoto wanaruhusiwa kuvipanda, ndivyo vilivyokusudiwa. Mara ya kwanza nilipoona kijana mdogo amekaa juu kabisa anapunga mguu nilitaka kumkemea. Mama yake alikuwa anamsomea majina kuanzia chini kwenda juu, naye anayarudia kwa sauti.

Mdau, Dar es Salaam

Mkuu samahani, sitaki kuharibu uzi. Ila sisi Waafrika tunahusikaje? Wa kwetu waliouawa na Wajerumani kwenye Maji Maji nani kawawekea jiwe? Halafu kuna watu watakuuliza pia kuhusu watoto wanaouawa Gaza sasa hivi.

Mleta uzi

Hujaharibu, ndugu. La Gaza nitalijibu kwa kifupi: mtoto aliyeuawa mwaka 1944 akiwa na miaka 4 hakuwa na serikali yoyote ya leo, na kumlilia hakumzuii mtu kumlilia mtoto mwingine. Fungua uzi wake, nitakuja kuchangia.

Maji Maji una haki kabisa, na deni hilo lipo. Lakini hayo mawe ya shaba Mtanzania yumo. Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007. Hakuwa mtoto wala Myahudi, ila waliomuua ni walewale, na jiwe ni lilelile.

Mdau, Dar es Salaam

Hilo sikulijua kabisa. Nina safari ya kikazi Berlin mwaka huu. Liko sehemu gani? Na kuna mahali pa kuona habari za hao waliofichwa?

Mleta uzi

Brunnenstraße namba 193, mtaa wa Mitte. Shuka kituo cha Rosenthaler Platz, ni karibu tu. Angalia chini mbele ya mlango.

Ukitoka hapo tembea kusini kwa mguu mpaka Rosenthaler Straße 39. Ingia uani, kuna karakana ya zamani ya Otto Weidt, Mjerumani aliyekuwa na uoni hafifu, aliyeajiri Wayahudi vipofu na viziwi kutengeneza brashi na mifagio. Chumba cha mwisho hakina dirisha, na mlango wake ulifichwa nyuma ya kabati la nguo. Humo aliificha familia ya Horn, baba, mama na watoto wao Max na Ruth. Oktoba 1943 walisalitiwa na mtu aliyekuwa akiwafanyia Gestapo kazi ya kuwatafuta waliojificha, wakapelekwa Auschwitz. Chumba bado kipo kama kilivyokuwa, unaingia mwenyewe. Kiingilio ni bure. Ukifika, weka picha ya jiwe la Mahjub hapa kwenye uzi, na kama limefifia chukua kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, hakuna atakayekuzuia. Wakazi wengi wa Berlin hufanya hivyo kila tarehe 9 Novemba, siku ya kukumbuka usiku wa mwaka 1938 Wanazi walipochoma masinagogi.